Skoa kubwa ya utafiti wa mikoko, ndo ubora?

Swali: Mhariri naomba msaada, nina tafiti mbili za kurudisha mikoko ili pwani ihimili mabadiliko ya tabianchi, moja ina skoa ya Altmetric mia na kitu, nyingine 6 tu. Niamini ipi?

Jibu: Hiyo skoa haipimi ubora ndugu yangu, inapima kelele. Altmetric, iliyoanza 2011, inafuatilia nani kautaja utafiti mtandaoni halafu kila sehemu ina uzito wake, habari ya gazeti 8, blogu 5, Wikipedia 3, posti za mitandao ya kijamii ziko chini kabisa, na hata anayeuponda anahesabiwa vilevile. Sasa mikoko inayomeza kaboni ni stori tamu, magazeti yanaipenda, ila ule utafiti wa matope na chumvi unaoeleza kwa nini miche inakufa ikipandwa pasipofaa, nani ataupostia? Na waliousevu kwenye Mendeley, ile programu ya kutunzia makala za utafiti, hawaingii kwenye skoa, wakati hao ndo wasomaji wenyewe! Mi ningebonyeza lile duara la rangi lenye skoa nione waliotaja ni kina nani, ukikuta hati ya sera hapo tulia usome. Afu cheki mbinu zao, miche waliifuatilia miaka mingapi.