Parseli ya ndugu wanne, jina la nani?

Ndugu yangu, umesema marehemu baba yenu alichimba makaa ya mawe Luena, mmechanga faranga ninyi wanne mpate parseli, yaani kiwanja, huku Lubumbashi, na mnataka iandikwe jina la yaya wenu, yaani mkubwa wenu, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa mjini. Nakuomba msitoe avansi, ile pesa ya kutanguliza, bado. Sisi tulifanya vivyo hivyo.

Baba yangu naye alikuwa mtu wa Luena. Makaa ya kule yana majivu mengi. Kwa hiyo kiwanda cha kuyeyusha shaba hapa mjini kililetewa koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa, kutoka Wankie, Zimbabwe ya leo, na ya kwetu yakaishia kazi kama saruji ya Lubudi. Kazi ilipolegea, baba na wadogo zake wawili waligeukia samaki wakavu wa Bukama. Walipakia mifuko kwenye treni, mama akaipokea stesheni, akaiuza. Faida ilikaa sanduku moja, na aliyeshika ufunguo ni baba mdogo.

Ndiye aliyenunua parseli mbili Kampemba, hapa mjini, zote kwa jina lake. Hakuwa mwizi, nasema kwa moyo wangu wote. Kila mtu alijua ni za familia. Lakini alipofariki, sheria ya familia iliwatazama watoto wake kwanza: robo tatu ya urithi ni yao. Watoto wale walikuwa wadogo wakati wa samaki, wangejuaje faranga zilitoka wapi? Hatukuwa na daftari, hatukuwa na hata karatasi moja yenye sahihi tatu. Mama, aliyebeba mifuko ile mgongoni, akaambiwa aonyeshe haki yake. Mpaka leo sisi na binamu zetu tunakutana kwenye matanga tu.

Kwa hiyo andikeni kwanza nani ametoa ngapi, mtie sahihi wote wanne mbele ya notere, afisa anayethibitisha hati, na sertifika, yaani hati ya ardhi, ibebe majina ya wote. Yaya wenu ashike ufunguo, hilo ni jambo jingine.

Halafu umesema mnaangalia Annexe, kule pembezoni mwa mji. Huko ndiko tulikopoteza parseli ya tatu. Tulikuwa na karatasi ya chifu na risiti, matofali tumeshachoma, mtu akaja na sertifika. Tangu sheria ya 1973 ardhi ni ya Serikali. Unachopata ni haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji peke yake. Ikishapita miaka 2 tangu itolewe, kuiangusha ni karibu haiwezekani. Karatasi ya chifu haisimami mbele yake. Nendeni wenyewe ofisi ya hati za ardhi, muulize namba ya parseli, mlinganishe na ramani ya kadasta, ile ya wapima ardhi wa Serikali, kisha mzungumze na majirani wa pande zote. Muuzaji akiwa na mke, naye akubali kwa sahihi. Asipokuwepo siku hiyo, rudini na faranga zenu.

Na yule anayewaambia chini kuna malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, kwa hiyo bei iko juu, msimsikilize. Madini ya chini ni ya Serikali, kibali chake ni kingine kabisa.

Mkipata namba, niandikie kabla ya kulipa. Siku hiyo nitakwenda nanyi ofisini.