Kuwaambia wa nyumbani kwamba unafilisika: anza na atakayeangukiwa na barua ya kwanza

Mkuu, nimekusoma. Unasema wakili ameshaandaa maombi ya kutangazwa mufilisi. Mkeo anajua tu kwamba "biashara imeyumba". Kaka yako alikudhamini mkopo na hana habari, mama naye hajui kitu, na shemeji yako alikukopesha fedha ambayo unataka kumrudishia kimyakimya kabla karatasi hazijafika mahakamani. Unauliza kama uwaambie sasa au usubiri amri itoke. Mimi njia hiyo nimeipita, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Waambie kabla. Na usiwapange kwa ukaribu wa damu, wala kwa kuangalia nani atakuonea huruma. Wapange kwa kuangalia barua ya kwanza ya wadai itamwangukia nani. Waliotangulia kukujibu wamesema anza na mama kwa sababu mama ni mama. Mimi nasema mke, kaka, halafu ndiyo mama.

Kwa mke wangu sikuwa na jipya la kusema; yeye ndiye aliyekuwa akipokea simu za wadai nikiwa nimetoka. Kwako ni tofauti, kwa hiyo usimpe habari hii vipandevipande. Mwekee orodha yote mezani: nani anadai, kiasi gani, deni lipi lina jina lake pia. Deni mlilosaini wote wawili haligawanyiki katikati. Wewe ukitangazwa mufilisi, mdai ana haki ya kumdai yeye lote lililobaki. Akaunti ya pamoja nayo inaweza kufungwa kwa muda hadi ijulikane ndani yake kipi ni chako na kipi ni chake. Kama mshahara wake unapitia humo, anahitaji kulijua hilo mapema, asije akalijulia kwenye foleni ya benki.

Sasa kaka. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa sababu wanadhani deni likifutwa limefutwa kwa wote. Kufilisika kunakuondolea deni wewe, dhamana ya mwenzako inabaki palepale. Mdai akishazuiwa kukugusa, anageuka kwa mdhamini. Uingereza ni hivyo, na Marekani ni hivyo chini ya ule ufilisi wa kawaida wa Sura ya 7 ya sheria yao ya ufilisi. Kwa kaka yako, basi, hii si habari ya mdogo wake kuanguka. Ni habari ya deni linalokuja mlangoni kwake, na ana haki ya kulisikia kwako kabla ya kulisoma.

Nilikwenda kwa kaka yangu na nakala ya mkataba na taarifa ya salio. Nilikuwa nimejiambia njiani nisianze na hali ya biashara wala wateja waliokimbia, kwa hiyo tulipokaa tu nikasema: "Kaka, naomba mahakama initangaze mufilisi, na ule mkopo ulionidhamini utahamia kwako." Hakupandisha sauti. Akavuta ule mkataba, akafunua hadi ukurasa wa mwisho, akaweka kidole juu ya saini yake na kukiacha hapo. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Wakija, wanaanza na nini changu?" Nilimjibu kile kilichoandikwa kwenye mkataba, kisha nikamwambia atafute wakili wake mwenyewe, asimtumie wa kwangu, maana pale maslahi yetu yalikuwa yameachana. Hilo lilimuuma kuliko deni lenyewe, nadhani. Lakini wiki hiyohiyo alikwenda kwa mkopeshaji na kupanga marejesho madogo wakati mkopo haujachelewa hata siku moja. Angesubiri barua ya madai, angeongea nao akiwa tayari mdaiwa mbovu, na wakopeshaji hawamsikilizi mdaiwa mbovu kwa sikio lile lile.

Alininunia kwa muda mrefu. Hilo ujiandae nalo, na usimfuatefuate kumwomba radhi kila mkikutana. Ukimlilia, unamlazimisha akufariji wewe, na yeye ndiye anayelipa.

Jambo jingine: kikao cha kutoa habari kisiwe kikao cha kuomba. Ukimwambia mtu umefilisika, kisha kabla hajameza mate ukamwambia unahitaji msaada wa kodi ya nyumba, atakumbuka ile ya pili tu. Kama una la kuomba, rudi siku nyingine.

Mama. Mama yangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda chumbani na kurudi na kitabu chake cha akiba. Kama wako ana tabia hiyo, uwe na jibu tayari. Fedha yake ukiipokea kabla ya maombi itaishia kwa wadai na shimo halitajaa. Ukiipokea baada ya amri, unaweza kulazimika kumjulisha msimamizi aliyekabidhiwa mali yako. Mwambie mama akiba yake ibaki kwa jina lake. Na kuna mazungumzo magumu zaidi ambayo wengi wanayakwepa: urithi. Uingereza, mufilisi wa kawaida huachiliwa, yaani hufunguliwa kutoka kwenye ufilisi, baada ya mwaka 1, na urithi wowote unaomwangukia kabla ya hapo unaweza kuchukuliwa kulipa wadai. Marekani wanahesabu siku 180 tangu maombi yalipopelekwa. Nilipomweleza mama kwamba inafaa amwone wakili kuhusu wosia wake, alinitazama akasema, "Kwa hiyo unaniomba nisife kwanza mpaka mambo yako yakae sawa?" Tulicheka wote wawili, na baada ya hapo kuzungumza kukawa rahisi. Alimwona wakili.

Usimfiche mama kwa kisingizio cha presha. Ufilisi hauna siri ya kudumu. Uingereza jina linaingia kwenye rejista ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni bure, na tangazo linatoka kwenye gazeti la serikali. Marekani majalada ya mahakama ni ya wazi. Kwingineko nako matangazo ya aina hiyo si jambo geni. Jirani mwenye bando na udadisi anatosha. Presha ya mama itapanda zaidi akiambiwa na jirani.

Watoto wanahitaji maneno machache: nini kitabadilika, nini hakitabadilika, na kwamba wao hawakusababisha. Mtoto wangu wa mwisho aliuliza kama polisi watakuja. Nikamwambia hapana, na ndivyo ilivyo: kufilisika chenyewe si kosa la jinai. Kosa ni kuficha mali au kudanganya mbele ya msimamizi. Usiwaambie "msimwambie mtu yeyote". Mtoto akibebeshwa siri ya namna hiyo anajua kuna aibu hata kama hukulitamka neno aibu. Waambie mtu akiwauliza waseme "muulize baba".

Ukoo mpana usijichoshe nao. Mimi nilimwambia shangazi mmoja na kumruhusu aseme. Jua halikuwa limezama habari ilikuwa imefika kote, na kwa usahihi kuliko ambavyo ningeisambaza mwenyewe. Kila ukoo una mtu wake wa kazi hiyo. Mpe maelezo kamili ili asijaze mapengo mwenyewe.

Nimemwacha shemeji mwisho kwa sababu ndiye atakayekuingiza matatani kama utafanya ulivyopanga. Usimlipe kimyakimya. Sheria za ufilisi hazipendi mdai mmoja apendelewe, na ndugu wanaangaliwa kwa jicho kali zaidi. Marekani, malipo kwa wadai wa kawaida yanachunguzwa siku 90 nyuma, kwa ndugu ni mwaka 1. Uingereza ni miezi 6 kwa wengine na miaka 2 kwa watu wa karibu, na wa karibu ni pamoja na ndugu wa upande wa mke. Maana yake msimamizi anaweza kumfuata shemeji yako na kudai fedha ile irudi ili igawiwe wadai wote. Utakuwa umemlipa leo, na mwakani anadaiwa na mtu asiyemjua, pengine ameshaitumia. Mtego ni huohuo ukihamishia gari au kiwanja kwa jina la mama; kwa mali iliyotolewa bure au kwa bei ya kutupa Uingereza wanaweza kurudi nyuma hadi miaka 5. Wapo hapa waliokushauri uhamishe "mapema". Waulize kama watakuja na wewe mahakamani. Muda wa nchi yako atakutajia wakili wako, ila uchunguzi wenyewe usidhani utaukwepa.

Shemeji ni mdai kama wadai wengine, kwa hiyo jina lake linaingia kwenye orodha. Wengine wanamwacha nje kwa heshima, wakidhani wanamlinda. Kwanza orodha hiyo unaithibitisha kwa kiapo au tamko kwamba imekamilika. Pili, mdai asiyeorodheshwa anaweza kukosa hata kile kidogo kitakachogawiwa. Mwambie hivi: "Shemeji, deni lako nalitambua, nimeliandika, utapata barua rasmi yenye jina lako, na kwa sasa sheria hainiruhusu kukulipa peke yako." Usimwahidi tarehe. Ukishaachiliwa na ukapata chako kipya, kumpa kwa hiari hakuna anayekuzuia. Sheria ya Marekani imeliandika hilo waziwazi. Ila ahadi ya leo atakushikia, na wewe leo huna cha kuahidi.

Muone wiki hii, kabla maombi hayajapelekwa. Mwambie pia atafute ujumbe wowote wa simu, hati ya benki au karatasi inayoonyesha alikutumia ile fedha na lini, maana akijaza fomu ya kuthibitisha deni ataulizwa ushahidi, na "ni shemeji yangu" hautahesabiwa.