Maswali na Majibu: Popo na pweza kwenye chapa moja

SWALI: Assalaam alaykum. Mwalimu wetu wa sanaa alituonesha "Born" (2002), chapa (picha iliyochapwa kwa wino) ya Kiki Smith wa Marekani, ambamo mwanamke mzima anazaliwa na kulungu. Tumetakiwa tuandike ukurasa mmoja kuhusu chapa hiyo, kisha kila mmoja achonge lino (kipande cha linoliamu cha kuchongea chapa) yenye mnyama mchanganyiko wa kwake. Nimechagua popo wa Pemba na pweza, lakini wanaonekana kama picha mbili zilizobandikwa. Tena nilipochapa, mistari ilijaa wino na jina likatoka kinyume.
Mwanafunzi, Kidato cha Tatu, Wete

JIBU: Waalaykum salaam. Anza na ule ukurasa, maana ndio utakaokutoa kwenye kubandika. "Picha imenivutia" haimwambii mwalimu kitu. Weka kidole pale miili miwili inapokutana uandike unachokiona hapo hapo: manyoya yanaishia wapi, mstari umekatika au umeendelea, nani anatazama wapi. Kisha taja namna ilivyotengenezwa. "Born" ni litografia: msanii huchora juu ya jiwe au bamba kwa kalamu au wino wenye mafuta, kwa hiyo alama zinaweza kuwa laini kama za penseli. Wewe unachonga, na ulichokitoa ndicho kitakachobaki cheupe. Usihangaike kuiga ulaini ule. Tafuta mkato wako.

Sasa kiungo. Bawa la popo ni ngozi iliyowambwa baina ya vidole virefu. Mgeuze pweza umtazame chini: baina ya mashina ya minyiri yake minane pana utando vilevile. Waunganishe hapo. Vidole vya bawa viteremke, utando usikatike, na kila kidole kimalizikie kwenye mnyiri. Mkato uwe wa patasi ileile yenye makali ya umbo la V, mistari ikifuata mvutano wa ngozi toka juu mpaka chini. Mpaka wao unaonekana kwa sababu juu umechonga kwa namna moja na chini kwa nyingine.

Na uso usiukosee. Popo huyu, ambaye hapatikani kwengine duniani ila Pemba, ni mla matunda: pua ndefu kama ya mbwa, macho makubwa, masikio madogo. Wengi humchorea masikio mapana ya popo wanaokula wadudu.

Jina kutoka kinyume ni kawaida ya chapa. Chora kwenye karatasi nyembamba kwa penseli ya 2B, ilaze kifudifudi juu ya lino, usugue mgongo wake kwa kijiko. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka, na ukichapa utarudi sawa, herufi na vyote.

Mistari hujaa wino kwa sababu mbili: umechonga juu juu, au wino umezidi. Lino ya unene wa milimita 3 ichonge kina cha milimita 1 mpaka 1.5, ukiona nyuzi za gunia umepitiliza. Ikiwa ngumu na inamomonyoka, ianike juani dakika chache ilainike. Mkono usioshika patasi ukae nyuma ya makali daima. Kwa kipande cha sentimita 15 kwa 20 anza na nusu kijiko cha chai cha wino, ukisambaze kwa rola juu ya kioo, na usikilize: wino wa kutosha hutoa mchakacho mwembamba, uliozidi hunata na kulia. Paka tabaka tatu au nne nyepesi. Laza karatasi juu ya lino, sugua mgongo wake kwa mwiko kuanzia katikati, kisha inua pembe moja tu uchungulie. Palipopauka, ilaze tena usugue.

SWALI: Wino wa maji unakauka kwenye kioo kabla wanafunzi hawajachapa. Tufanyeje?
Mwalimu, Chake Chake

JIBU: Zimeni feni, na mtoe wino wa chapa moja kwa wakati. Kioo kikianza kunata, kinyunyizieni maji kidogo sana, kwani yakizidi wino hutoka na madoa. Wino wa mafuta hausumbui hivyo, lakini chapa hukauka kwa siku kadhaa, na masika huchelewa zaidi. Zitundikeni kwa vibanio, zisigusane. Rola isafishwe kwa mafuta ya kupikia na kitambaa kwanza, ndipo sabuni na maji.