Mwili wote unauma, nifanye zoezi gani?

Nimeambiwa nina fibromialjia, ule ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yasiyoisha. Vipimo vyote viko safi, lakini mwili unauma na daktari anasema nifanye mazoezi. Nitaanzia wapi? (Mama, Kirumba, Mwanza)

Pole sana, mama. Vipimo kuwa safi hakumaanishi unajifanyisha. Misuli yako haijaharibika. Ubongo na uti wa mgongo ndio wanaokuza taarifa za maumivu, hata mguso mdogo ukauma. Kwa hiyo mazoezi hayataharibu kitu. Mwongozo wa wataalamu wa baridi yabisi wa Ulaya wa 2017 kati ya tiba zote, uliyapa mazoezi peke yake pendekezo lenye uzito mkubwa, dawa zikabaki nyuma.

Anza kutembea dakika 10, mara tatu kwa wiki, sehemu tambarare. Kilima cha Bugando kisubiri kwanza. Mwendo uwe wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Ongeza dakika chache kila baada ya wiki moja au mbili, hadi 30. Usitegemee nafuu kabla ya wiki kadhaa, na ukiacha, maumivu hurudi.

Nasikia mazoezi ya majini ni mazuri. Ziwa Victoria si lipo? (Dada, Bwiru)

Ni mazuri kweli, maana maji yanaubeba mwili. Ila watafiti walitumia mabwawa yenye maji ya uvuguvugu. Ziwani kuna kichocho: vijidudu hutoka kwa konokono wa kwenye majani ya ufukweni na kupenya ngozi. Ukipata bwawa safi, kutembea maji yakiwa kifuani kunatosha. Ukikosa, usijisikie umepunjwa. Nchi kavu matokeo yanakaribiana.

Nauza dagaa soko la Mwaloni, nabeba magunia kutwa. Hayo si mazoezi tayari? (Mfanyabiashara)

Hapana, ndugu yangu, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Gunia halikuulizi leo umeamkaje. Mazoezi ya nguvu yanasaidia, yanapunguza maumivu na kuimarisha misuli, lakini huanza na uzito mdogo unaouchagua mwenyewe, mara mbili kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Chukua chupa mbili za maji za nusu lita, moja kila mkono. Kunja viwiko taratibu, mara nane. Kisha keti kwenye kiti na usimame bila kujishika, mara nane. Ikishakuwa rahisi, hamia chupa za lita moja. Siku ya kushusha mzigo mkubwa, acha chupa zipumzike.

Kujinyoosha tu hakutoshi?

Kunalegeza mwili, ila peke yake ushahidi wake ni mdogo. Taichi, ile michezo ya polepole ya Kichina, ina nguvu zaidi: utafiti wa Marekani wa 2018 uliona inafikia mazoezi ya kawaida ya moyo na mapafu, hata kuyapita.

Nikifanya leo, kesho siamki. Niache? (Mama, Igoma)

Usiache, punguza nusu. Naijua siku hiyo: umeamka vizuri, ukafua mashuka yote, ukasugua sakafu, jioni ukapanda kilima hadi Isamilo. Siku njema ndiyo ya kujizuia. Uchovu wa siku moja vumilia. Ukipita siku mbili, dozi ilikuwa kubwa. Lakini kiungo kikivimba, homa ikija, ukikonda bila sababu au kifua kikibana, hayo si ya safu hii. Nenda kwa daktari.