Miguu ya mbele ya Beetle: fungua upande mmoja kwanza

Kazi ambayo fundi anayeijua angeimaliza kwa siku mbili, mimi ilinichukua wikendi saba. Tano kati ya hizo nilikuwa narekebisha nilichoharibu wikendi ya kwanza. Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle 1300 la mwaka 1969, nyumbani tunaliita Kobe, na karakana ni uwanja wa nyuma hapa Tanga, chini ya mwembe, na jeki ya kuazima. Nakuandikia wewe uliyenunua la kwako juzi, na kila ukipita tuta unasikia ko-ko-ko chini ya miguu.

Kwanza ujue una gari gani. Beetle za kabla ya modeli ya 1966 zina kingpini, yaani pini nene ambayo gurudumu hugeukia. Baada ya hapo zikaja za boljointi, yaani kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachocheza ndani ya kikombe cha chuma, na ndizo ninazozisemea hapa. Kama lako ni 1302 au 1303, mbele lina shokapu iliyovishwa springi ya kuviringishwa, na hiyo ni kazi nyingine kabisa: springi ile ikikuponyoka wakati unaibana, inavunja taya. Usiiguse bila kibanio chake maalumu. Hizi zetu hazina springi ya namna hiyo. Ekseli ya mbele ni mabomba mawili, moja juu ya jingine, na ndani ya kila bomba mmelala fungu la vyuma bapa lililokazwa katikati lisizunguke. Gurudumu likipanda, mkono wake (chuma kinachotoka kwenye bomba kulishika gurudumu) unalisokota fungu hilo, nalo likijinyoosha linalirudisha gurudumu chini. Basi, hakuna zaidi. Gari lenye muundo huo lilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia mbele ya Beetle ni dhaifu, muulize ya kwake ilipakwa grisi lini mara ya mwisho.

Kabla ya kununua spea yoyote, tafuta ugonjwa. Mimi nilianza na boljointi nne mpya kwa sababu kila niliyemuuliza alisema "hizo ni boljointi tu". Inua gurudumu moja, weka stendi chini ya ekseli, kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwite mtu akanyage breki na aishikilie, halafu tikisa tena. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu, na pengine unahitaji kuikaza tu. Mchezo ukibaki, tia tochi ndani utazame: ni boljointi inayotikisika, au ni mkono mzima unaocheza pale unapoingia kwenye bomba? Halafu shika tairi kushoto na kulia. Hapo unazipima tairodi (fito zinazoyageuza magurudumu) na boksi la usukani. Dakika kumi hizi zingeniokolea pesa nyingi, maana boljointi mbili kati ya zile nilizotoa zilikuwa nzima kuliko nilizonunua.

Kuhusu stendi sibembelezi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Kama huna stendi, ahirisha kazi. Matofali hayahesabiki, yanapasuka bila kutoa taarifa.

Sasa kosa langu kubwa. Nilifungua pande zote mbili kwa pamoja, nikaona najiharakisha, na kila kitu nikakitupa kwenye beseni moja la mafuta ya taa. Jioni nikawa na lundo la vyuma visafi vinavyong'aa, na sijui kipi ni cha wapi. Ndugu yangu, upande ambao hujaugusa ndiyo ramani yako. Fungua wa kulia, umalize, uufunge, ndipo uende wa kushoto. Kila bolti irudishe kwenye tundu lake hata kabla ya kazi kuisha, na vidogo vitie kwenye makopo mawili ya maziwa ya unga yaliyoandikwa kwa rangi: KULIA, KUSHOTO. Piga picha za simu, ndiyo, lakini picha haikuonyeshi kilicho nyuma ya kingine.

Na kulia si sawa na kushoto. Nati ya beringi ya gurudumu la kushoto ina nyuzi za kinyume: inafunguka kwa kuzungushwa upande ambao nati zote za dunia hukazwa. Mimi nilichomeka bomba la maji kwenye mpini wa spana, nikalikalia kwa uzito wangu wote, nikashangaa kwa nini nati haitoki. Nilikuwa naikaza. Pia usisahau kulegeza kwanza ile skrubu ya alenki (yenye tundu la pembe sita) inayoibana nati yenyewe. Katikati ya gurudumu hilohilo la kushoto hupita kebo ya spidomita, imefungwa kwenye kifuniko cha vumbi kwa kipini kidogo. Kitoe kipini, kitie kwenye kopo la KUSHOTO, ukikumbuke. Nitakirudia.

Ukifika kwenye mikono, utakuta kila mmoja umeshikwa na skrubu yenye tundu la alenki, na nati ya kufunga juu yake. Tundu hilo limejaa udongo wa miaka hamsini. Chukua msumari, ulichokonoe mpaka uone pembe zote sita ziko wazi, pulizia, ndipo uzamishe alenki mpaka chini kabisa, uigonge kidogo ikae. Usipofanya hivyo alenki itaingia nusu, itateleza, pembe zitakuwa duara, na utaishia kutoboa kwa drili huku umelala chali na vumbi la chuma linakuangukia machoni. Nimepitia hilo mara moja tu, lakini ilinitosha.

Mkono ukitoka, ufute vizuri na utazame ile sehemu inayolala kwenye beringi za sindano. Inatakiwa iwe nyororo kama kioo. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, beringi mpya haitakusaidia kitu. Mkono wenyewe umekwisha, tafuta mwingine. Duka moja liliniuzia beringi huku likiniapia kwamba mfereji "utajaa grisi". Haujajaa mpaka leo.

Boljointi zimeshindiliwa ndani ya mikono. Hazitoki kwa nyundo, peleka kwenye presi, mashine ya kushindilia. Lakini kabla hujaondoka nyumbani, chora alama kwa patasi kuonyesha ya zamani ilikaaje, na simama pale wakati inaingizwa. Kijana mmoja wa presi aliiingiza ya kwangu ikiwa imelala upande, akasema itajinyoosha yenyewe. Chuma hakijinyooshi. Ilibidi itolewe, na mpira wake ukachanika hapohapo. Boljointi yenye mpira uliochanika ihesabu imekufa, hata kama bado iko kwenye boksi lake.

Kuitenganisha boljointi na stab ekseli (chuma kinachobeba gurudumu), usipige ncha ya nyuzi. Legeza nati bila kuitoa kabisa, kisha piga ubavu wa lile jicho la chuma kwa nyundo nzito, huku nyingine umeikinga upande wa pili. Mapigo mawili matatu ya maana, utasikia imejiachia. Ikigoma, mwagia mafuta ya kulainisha kutu, nenda kale chakula, urudi. Kuna mzee alinishauri nipashe kwa gesi. Kwa gari jingine labda. Kwa Beetle, hebu inua kichwa utazame kilichopo juu ya ekseli hiyo: tangi la petroli.

Boljointi ya juu imepita kwenye kipete cha chuma chenye kichwa cha pembe sita na kijikato kidogo. Kipete hicho kimetobolewa pembeni makusudi, ukikizungusha gurudumu linalala ndani au nje. Kwa kuanzia, kijikato kitazame mbele ya gari. Wengi hukifungua kama nati ya kawaida na kukirudisha kivyovyote, halafu baada ya miezi miwili wanalaumu tairi linaliwa upande mmoja.

Ukiwa hapo breki ziko wazi, nazo viatu vya zamani vinaweza kuwa na asibesto. Vumbi lake usilipulize. Lifute kwa kitambaa kibichi, ukitupe.

Kufunga ni rahisi ukilinganisha. Beringi za gurudumu kaza huku unalizungusha mpaka uhisi linakuwa zito, kisha rudisha nati nyuma taratibu hadi washa iliyo nyuma yake iweze kusogezwa kwa ncha ya bisibisi bila kutumia nguvu. Hapo pafunge. Halafu grisi: nipo, yaani vichuchu vya kutilia grisi, ziko nne kwenye ekseli, na unapompa Kobe grisi magurudumu yawe hewani, la sivyo uzito wa gari unaizuia isifike upande unaotakiwa. Pampu mpaka uone grisi mpya inachungulia. Kama una gari la aina nyingine, lenye bushi za mpira kwenye mikono, bolti zake zikaze mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, maana ukizikaza likining'inia mpira unabaki umesokotwa na unapasuka mapema.

Kwa uzi na rula nilipima nafasi kati ya matairi, mbele na nyuma, nikayaacha mbele yakaribiane kwa milimita kama tatu. Hiyo ni ya kukufikisha tu kwenye alaimenti (kupimiwa mwelekeo wa magurudumu), si badala yake.

Jumapili ya saba nikalitoa, barabara ya Pangani. Usukani umetulia, mkono mmoja unatosha, tuta linapita bila ko-ko-ko. Mke wangu akainama kwenye dashibodi akaniuliza, "Baba Asha, tumesimama?" Mshale wa spidomita ulikuwa umelala kwenye sifuri. Tuliporudi nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye kopo la KUSHOTO, nikalitikisa, na kipini kikalia ndani.