Bosi Amekuita "Mercurial"? Soma Kabla Hujasaini

Juzi dada mmoja ameniandikia. Kwenye fomu yake ya tathmini, bosi amejaza kwa Kiingereza kwamba yeye ni "mercurial". Kafungua kamusi, kakuta: mtu asiyetabirika, kigeugeu. Anauliza, aache kazi?

Usiache, dada yangu. Neno hilo nami niliwahi kuandikiwa, na mpaka leo linaniuma. Nilikuwa mwepesi: nikiona mpango haufai nasema palepale, wala singoji kikao. Mkuu wangu hakupenda. Aliyepandishwa cheo ni mwenzangu aliyeitikia kila kitu.

Nikaamua kulichimba. Asili yake ni Mercurius, mungu wa Warumi wa kale, mlinzi wa biashara na mjumbe mwenye mbio. Jina lake wakaipa sayari yenye kasi kuliko zote, Utaridi kwetu, inayolizunguka jua kwa siku 88 tu. Wanajimu wa Ulaya waliamini kwamba aliyezaliwa chini ya nyota hiyo hujaliwa ulimi fasaha na akili nyepesi. Hiyo ni sifa, jamani! Baadaye zebaki nayo ikapewa jina lilelile. Wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita wanaifahamu: metali pekee iliyo majimaji hata kwenye nyuzi 20, na haigandi mpaka baridi ishuke nyuzi 39 chini ya sifuri. Ukiimwaga inapasuka vitone, kila kimoja na njia yake. Ndiyo maana neno likabeba pia ukigeugeu.

Kwa hiyo muulize bosi wako: amekusudia maana ipi? Mwombe mfano, kazi gani, siku gani. Mimi nilipouliza, mkuu wangu alikosa hata mfano mmoja, na tangu hapo nauvaa wepesi wangu kifua mbele.

Vijana wenzangu, tumezoea kuogopa Kiingereza cha wakubwa. Neno likiwa refu tunainama. Tusiiname! Uliza maana, uliza mfano, uliza tena. Anayebadili mawazo kwa sababu ameona ushahidi mpya si sawa na anayebadilika kwa sababu kaamka vibaya, na ofisi nyingi hazitaki kuona tofauti hiyo.

Nawe dada, kuna nafasi ya maoni ya mfanyakazi chini ya fomu. Ijaze: andika kwamba umeomba mfano, taja na tarehe uliyoomba. Kisha saini, na ubaki na nakala yako.