Maswali ya gereji ya nyumbani: ekzosi, tangi na nati zilizogoma

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya ekzosi na vyuma vilivyotoboka. Wale mnaoandika tu "gundi gani nzuri" bila kusema ni gari gani, pametoboka wapi, tundu lina ukubwa gani, siwezi kuwasaidia jamani, andikeni swali likamilike.

Ekzosi ya Noah yangu imetoboka kabla ya sailensa, nimeziba na gundi ya chuma mara tatu inabanduka. Kuna gundi kali zaidi?

Shida sio gundi kaka, na hili nimelisema hapa mpaka nachoka. Umepaka gundi juu ya kutu, kutu ikibanduka inaondoka na gundi yako. Halafu zile gundi za kawaida za kuchanganya tyubu mbili nyingi zinakufa kabla ya nyuzi 300, na bomba likikaribia injini linavuka 400 kirahisi tu.

Fanya hivi. Gari likae kwenye stendi, jeki peke yake usiiamini hata dakika moja, injini ipoe kabisa, kisha gonga bomba taratibu na mpini wa bisibisi kuanzia kwenye tundu kwenda pande zote mbili. Penye chuma kizima panalia, palipolika panatoa sauti ya kufa na ukibonyeza panazama. Utashangaa tundu la ukubwa wa kidole kumbe ni sehemu ya kiganja kizima, maana ekzosi inalika kuanzia ndani: lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, na kama safari zako ni za sokoni na kurudi bomba halipati moto wa kuyakausha, yanabaki humo yanakula chuma. Wenzetu wa Tanga, Dar na Mombasa mna na chumvi ya bahari inayokula kwa nje.

Palipolika kwangua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, paka dawa ya kuzibia ekzosi (ile ya ekzosi kweli, soma kwenye kopo), zungushia kipande cha bati jeusi kinachovuka tundu pande zote, kaza kwa klempu mbili za chuma. Acha ikauke kama kopo linavyosema ndo uwashe. Kupima, ukiwa nje kabisa na sio ndani ya banda, washa injini ikiwa ya baridi, paka maji ya sabuni kwenye kiraka, mwenzako abane kidogo mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kizito na glavu. Ukiona mapovu bado inavuja.

Na usiniambie ni kelele tu. Moshi una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inashika damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Watoto wakilala sana siti ya nyuma au wote mkiumwa kichwa safarini, simamisha gari, shukeni wote mpate hewa, mtu akizidiwa ni hospitali. Msiendeshe mlango wa nyuma umefunguliwa eti mna mzigo mrefu, moshi unavutwa ndani hata kama ekzosi ni nzima.

Kuna kitundu kidogo chini ya sailensa kinadondosha maji, nikizibe?

Usizibe. Kimewekwa kiwandani maji yatoke.

Nati za ekzosi ya bodaboda zimegoma, nikilazimisha nahisi bolti inataka kukatika.

Basi usilazimishe, hapo umehisi vizuri. Piga brashi kwenye uzi, pulizia mafuta ya kulegeza kutu pikipiki ikiwa ya baridi, acha usiku mzima, asubuhi gonga gonga kichwa cha nati kwa nyundo ndogo kisha tumia spana ya boksi ya pembe sita, sio spana iliyochoka. Ikilegea robo rudisha kidogo, legeza tena, nenda hivyo hivyo. Ikikatikia kwenye silinda hedi ambayo ni alumini, peleka kwa fundi mwenye drili ya kusimama, ukitoboa kwa mkono ukapinda umeharibu hedi. Ukirudishia weka gasketi mpya, ya zamani ikishabonyea haizibi tena, na ile milipuko unayosikia ukiachia mafuta mara nyingi ni hewa inayoingia hapo.

Fundi anasema masega (kile kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi) yameziba, ayatoe gari lipate nguvu. Nikubali?

Muulize kwanza kwa nini yameziba. Mara nyingi injini inakula oili au plagi moja haichomi, ukitoa masega ugonjwa unabaki palepale, unaongeza harufu na taa ya injini kwenye dashibodi. Na akiyatoa ondoka nayo mkononi, ndani kuna madini ya thamani, platini, paladi na rodi, yana wateja, ndo maana wengine wana haraka sana ya kuyatoa.

Sufuria ya alumini imetoboka, naweza kutia lehemu ya redio?

Hapana. Haishiki alumini, na nyingi ina risasi, ambayo ni sumu kwenye chakula.

Tangi la petroli linavuja. Limekaa tupu wiki nzima na nimeliosha na sabuni, jirani ana mashine ya kuchomelea, tuendelee?

Msiendelee! Swali hili linarudi kila mara na linanitisha. Tangi tupu ndo hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke, na unahitaji asilimia 1.4 tu ya mvuke kwenye hewa. Petroli inajificha kwenye maungio na kutu, sabuni haifiki, moto wa kuchomelea ukilipasha inatoka upya. Msamvu pale Morogoro, Agosti 2019, walikufa zaidi ya watu 100 kwa moto wa petroli iliyomwagika, hatuhitaji kukumbushwa tena.

Toa mafuta nje mbali na jiko, swichi na sigara, chomoa betri kwanza, tundu dogo liwekee gundi maalumu ya tangi kwenye chuma kilichosafishwa kwa msasa wa mkono. Grenda isiguse hapo, inatoa cheche. Kama limelika kwenye maungio tafuta tangi la mtumba, na kabla hujalipa limulike ndani kwa tochi uone kutu.